Kaburi Limebaki, Kihamba Kimeuzwa

Juzi nilikuwa baraza la ardhi hapa Moshi, mimi ninayejua sheria kuliko mahakimu kumi. Mama mmoja mzee wa Rombo alitaka mkataba ufutwe, maana mwanawe ameuza kihamba chote, shamba la urithi wa ukoo, pamoja na kaburi la baba yake.

"Mama, mkataba unatenganishika," karani akamwambia, akikata hewa kwa kiganja. "Kipengele cha kaburi ni batili, tumekitoa. Vilivyobaki vinasimama. Kaburi ni lako, shamba ni la mnunuzi."

Mama akauliza, "Na pale ubavuni kwa mume wangu, nilipojichagulia nilazwe?"

"Pale bado hakuna kaburi, mama. Pameuzwa."

Wasomaji, sheria imemwokoa marehemu. Aliye hai ndiye iliyemkosesha pa kuzikwa.