Foleni ya Ndoo Kitangari

Plastiki mpya ikipigwa na jua ina harufu yake, tamu kwa namna ya kukera, na wiki iliyopita ilinikuta kazini Dar es Salaam. Kijana wa vifaa alikuwa ameleta ndoo sita kutoka dukani kwa ajili ya mchezo wa televisheni tunaorekodi, akazipanga uani. Wenzangu waliona ndoo tu. Mimi nilijikuta Kitangari, nina miaka kumi, nimechuchumaa mbele ya bomba lisilotoa maji.

Kazi yangu ni kutunza mwendelezo. Mchezo hupigwa vipande vipande, leo mlangoni, keshokutwa chumbani, na lazima awepo mtu wa kukumbuka kwamba mwigizaji alipoingia alikuwa amekunja mikono ya shati, na kikombe kilikuwa mkono wa kushoto. Mtu huyo ni mimi. Nikikosea, watazamaji wananicheka. Nisipokosea, hakuna anayejua kama nipo duniani. Fani hii haina mlango mmoja wa kuingilia. Mpiga picha wetu alianza na picha za vitambulisho Masasi, na fundi wa sauti alikuwa akikodisha vipaza sauti vya harusi. Wakiniuliza mimi nilisomea wapi, nawajibu kwamba nilisomea kwenye foleni ya maji, nao wanadhani nawatania.

Kitangari iko Newala, na mnaoijua Newala mnajua habari za maji yake. Ni nchi ya juu, ina mikorosho, ina upepo mzuri, lakini kuoga ni jambo la kupanga. Bomba la kijiji chetu lilitoa siku lilipojisikia. Kwa hiyo akina mama waliacha vyombo vyao kwenye foleni asubuhi, wakaenda shamba, na chombo kikasimama badala ya mtu. Zamani hilo halikuleta taabu, maana kila nyumba ilikuwa na debe lake, na debe lilijulikana kwa mibonyeo yake. Kisha zikaja enzi za ruksa, biashara ikafunguliwa kwa kila mtu. Wanunuzi binafsi wa korosho walianza kupanda kwetu na malori, na malori hayakuja matupu: yalileta mitumba, redio, na ndoo za plastiki, zote nyekundu au zote bluu, zinafanana kama mapacha. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Mimi nilikuwa na kipaji kimoja tu, na nyumbani hawakukiona kuwa kipaji. Nilikuwa nikitazama kitu mara moja, kinakaa. Ndoo ya Mama Hamisi ilikuwa na ufa mdogo chini ya mkono, ya Bibi Asumini ilifungwa kamba ya katani, ya mwalimu ilikuwa na doa la rangi ya dirisha. Likizo ikifika nilikaa pale bombani, na akina mama wakaanza kuniachia foleni yao. Malipo yalikuwa karanga za kukaanga na kusifiwa, na sifa nilizipenda kuliko karanga.

Siku ninayoisimulia, mama yangu alichelewa. Mdogo wake, mama mdogo Fatu, alijifungulia nyumbani kwetu asubuhi ile, na mtungi ulikuwa umebaki na maji kidogo tu ya chini. Mama alikuja bombani jua limeshapanda, akaweka ndoo yake nyekundu mwisho kabisa, ya thelathini na moja, akaniambia niombe Mungu.

Saa nne hivi likafika gari la watu wa video. Walikuwa wakitengeneza filamu ya kufundisha usafi, ya kuonyeshwa vijijini kwa gari la sinema. Kijiji kizima kilichangamka. Wanawake walitoka shamba mbio, wakapita nyumbani kuvaa kanga za sikukuu. Miongoni mwa wageni alikuwamo dada mmoja mwembamba aliyeshika daftari, akiandika kila kitu: nani kasimama wapi, kilemba cha nani kimefungwa vipi. Jina lake Tekla, mzaliwa wa Lupaso, si mbali na kwetu, na alipowaamkia wazee shikamoo yake ilikuwa ya kwetu. Alituambia zamani alikuwa karani wa ghala la korosho la chama cha ushirika. Wanunuzi binafsi walipoingia ghala likafungwa, naye akapata kazi hii kwa sababu alijua kuandika haraka bila kuchanganya magunia.

Mwongozaji wao aliitazama foleni yetu, hakupendezwa. Aliomba, kwa adabu kabisa, vyombo vikuukuu virudi nyuma na ndoo mpya zije mbele. Mzee Chilumba, mtunza bomba, akakubali. Nani angekataa kuwa kwenye sinema? Ndoo ya mama ikatoka ya thelathini na moja ikawa ya tatu. Wakapiga picha zao, wakarudia, wakarudia tena, na katikati ya kurudia bomba likakohoa, likaanza kutoa maji ya kweli.

Furaha haikumaliza hata dakika. Waliokuwa mbele walisema foleni ni hii inayoonekana. Waliopelekwa nyuma na madebe yao walisema hawakuja kuigiza, walikuja kuchota. Watu walianza kushikana kanga. Mtu akasema daftari la Tekla liamue, lakini Tekla akaeleza kwa unyonge kwamba yeye ameandika foleni ya kwenye picha tu. Ya kabla ya hapo hakuiandika.

Mzee Chilumba akafunga bomba. Akanyoosha kidole kwangu. "Huyu ntoto ndiye aliyekuwapo tangu asubuhi. Aseme yeye."

Nikaanza. Nilipita nikigusa chombo kimoja kimoja na kukitaja mwenyewe, wa kwanza Bibi Asumini, wa pili mwalimu, na watu wakawa wanasogeza. Sikuwa na ushujaa wowote, niaminini mwenzenu. Nilikuwa najisikia. Wageni walikuwa wananitazama, kijiji kinanitazama, na mimi naimba foleni kama wimbo wa shule. Nilifika kwenye ndoo nyekundu ya mama bila kufikiri chochote, nikasema hii ni ya mwisho.

Mama Hamisi, ambaye naye picha zilimpandisha mbele, akaona upenyo. Akacheka. Akasema hakuna mtoto wa kukumbuka vyombo thelathini na moja, hata ndoo ya mamake haijui mahali pake. Kisha akamgeukia mama. "Mama Somoe, si mseme nyie. Mwanao anakosea au hakosei?"

Mama alikuwa ameshika ndoo yake kwa mikono miwili. Alinitazama kidogo.

"Hakosei," akasema. "Mimi leo nilichelewa."

Akaichukua, akaipeleka mwisho mwenyewe.

Maji yalikatika kwenye ndoo ya kumi na tisa. Tulirudi nyumbani na ndoo tupu, mama mbele, mimi nyuma, na hakugeuka kunitazama njia nzima. Alipofika alichukua bakuli, akapita nyumba kwa nyumba kuomba, na mtoto wa mama mdogo akaogeshwa kwa maji ya kuokoteza. Nilijificha nyuma ya jiko nikilia, nikijua kwamba mama amenichukia.

Kabla hawajaondoka, Tekla alinitafuta. Alisema mjini kuna kazi ya watu kama mimi, nikikua niulizie kazi ya daftari kwa watu wa video. Nilikua, nikaiulizia. Walicheka, wakanipa kazi ya kuchemsha chai, na nikaichemsha miaka miwili, hadi siku niliyomwambia mwongozaji kwamba pete ya bibi harusi imehama kidole.

Miaka yote hii nimekuwa nikiisimulia siku ile kama hadithi ya mtoto aliyesema kweli hata kwa hasara ya mamake. Naisimulia vizuri, watu wananisifu, na sifa bado nazipenda. Lakini mwezi uliopita mwigizaji mmoja mwenye jina kubwa alibisha mbele ya kila mtu kwamba nimekosea, na mwongozaji akataka kumsikiliza. Nikatafuta jicho la mtu mmoja wa kusema hakosei. Walikuwapo waliojua. Wakaangalia viatu vyao.

Hapo ndipo nilipoiona sura ya mama. Neno lake moja lingempatia maji ya kumwogeshea mtoto mchanga, na mimi ningekuwa mwongo wa Kitangari mpaka leo, nisingethubutu tena kumwambia mtu yeyote kwamba nakumbuka. Mimi siku ile nilikumbuka tu, na kukumbuka hakukunigharimu kitu. Aliyesema kweli alikuwa mama.