Sauti ya Ndunge Ilipofungiwa Emali

Nakumbuka mchana mmoja pale Emali, jua limewaka hadi lami inanuka, nami nimesimama mlangoni pa studio ya Kyalo nikipiga kelele mpaka wauza vitunguu wakaacha biashara yao kunitazama. Mwanangu, usitegemee nianze kwa upole. Nimekuwa bibi mzee, nina wajukuu, na kila Jumapili nasimama na wenzangu wa kwaya kanisani kumshukuru Mungu, lakini nikiikumbuka siku hiyo damu bado hunichemka. Wahenga walisema hasira hasara. Walisema kweli, ila hawakumaliza.

Kyalo alikuwa prodyusa. Siku zile kila aliyetaka kurekodi, awe kwaya au mpiga gitaa, alikwenda kwake. Naye mama yangu mkubwa, Ndunge, dada ya mama, ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo za mwethya huku kwetu Mbumbuni. Mwethya ni ule umoja wa wanawake wa kuchimba mitaro mashambani kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Yeye alianzisha, wenzake wakaitikia, na majembe yakashuka pamoja. Sauti yake ilikuwa na mikwaruzo kidogo, kama ya mtu anayekucheka na kukuhurumia kwa wakati mmoja. Nimesikiliza waimbaji wengi tangu hapo, wa Makueni na wa Kitui mpaka Mwingi, na sijapata sauti nyingine kama ile.

Kikundi chao kikaenda kurekodi. Baadaye Kyalo akawapa CD, tukaiweka kwenye redio, tukakaa kusikiliza. Mtu huyo alikuwa amemwaga ngoma za kinanda juu ya wimbo mpaka wanawake hawasikiki. Isitoshe, kila Ndunge alipovuta pumzi aanze ubeti, Kyalo alijitokeza kutangaza jina lake mwenyewe na la studio yake. Katika wimbo wa kuchimba mitaro, mwanangu. Wanawake wale walitazamana, wakaipokea hivyo hivyo. Walidhani ndivyo muziki wa kisasa ulivyo. Aliyezoea kunyimwa hufika mahali akajiona yeye ndiye mkosaji.

Haukupita muda mrefu Ndunge akaota uvimbe kooni. Hospitali ikamfanyia upasuaji, ikamwokoa, lakini sauti ikaenda na uvimbe. Tangu hapo alikuwa mtu wa kunong'ona. Hakulalamika. Alilima, alipika, alikuja kanisani akakaa mbele kama kawaida wakati sisi tunaimba. Ila aliniomba jambo moja.

"Nataka kujisikia," aliniambia. "Bila huyo kijana kuniingilia."

Ndiyo sababu tulikwenda Emali, mimi na yeye, tumwombe Kyalo aondoe ngoma zake na jina lake. Kyalo hakuinuka hata kutupa kiti.

"Mama, hiyo project ya wimbo wenu haifunguki," akasema. "Mashine ilikufa. Nimenunua ingine, nikaweka programu upya, sasa inakataa."

"Inakataa kwa nini?" nikauliza.

"Mambo ya leseni. Ile yangu haikuwa orijino." Alisema hivyo kama mtu anayesema leo kuna mawingu. "Sasa mnataka nifanye aje? Turekodi tena."

Turekodi tena. Alimwambia hivyo mama aliyejifunga kitambaa shingoni kuficha mshono.

Hapo ndipo nilipopayuka. Nilimwita mwizi wa programu na mwizi wa sauti. Nilimwambia mengine ambayo sitayaandika hapa. Ndunge akanishika mkono, akanivuta kando ya mlango. Ilibidi niiname ndipo nimsikie.

"Wewe unajua kukifungua hicho kitu?"

"Sijui, Mama Mkubwa."

"Yeye hajui, na wewe hujui. Tofauti yenu ni kwamba wewe unapiga kelele."

"Lakini ametudharau."

"Ametudharau. Kasirika, sijakukataza. Mvua ikija na nguvu, sisi huwa tunaiomba ipungue? Tunachimba mtaro. Mwombe hiyo diski, twende."

Kyalo aliitoa ile diski ya kompyuta iliyokufa kama mtu anayetupa mfupa. "Chukueni," akasema. "Lakini hamtapata kitu."

Niliuliza huku na huku nikaelekezwa Wote, kwa Mwalimu Muthoka aliyekuwa akifundisha kompyuta. Alikuwa na chumba cha mashine kuukuu zilizotupwa na maofisi, akazifufua kwa Linux. Mimi wakati huo hata jina hilo sikulijua. Nilidhani ni dawa, kumbe ni mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta. Lakini kuuliza si ujinga, na yeye hakunicheka. Aliunganisha diski yangu kwenye mashine yake, akatazama kidogo.

"Diski iko sawa," akasema. "Kilichokataa ni programu ya huyo jamaa. Programu ilishika mpangilio tu, nani aingie wapi. Sauti zenyewe ni faili za kawaida. Zinafunguka popote."

Akabonyeza moja. Ndunge akaimba.

Akiwa peke yake, mwanangu. Bila kinanda, bila jina la mtu. Nilishika meza. Kisha, kabla hata machozi hayajanitoka, hasira ikanirudia yote, kwa kuwa kazi ile ilikuwa ya muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Kyalo angeweza kuifanya. Ama alijua akatunyima, ama hakujua kilichomo ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mpaka leo sijaamua ni lipi linaloniudhi zaidi.

Sauti tulizipata, ila mpangilio ulikuwa umepotea. Kila mwanamke alikuwa kwenye faili yake, na hakuna kilichoonyesha nani anamfuata nani. Mwalimu akaniazima mashine moja, na ndani yake programu ya kurekodi ambayo ni ya bure kwa haki, haikuibwa kwa mtu. "Mimi si mwanamuziki," akaniambia. "Wewe ndiye unazijua hizo nyimbo. Zipange."

Sitakudanganya kwamba ilikuwa rahisi. Mara ya kwanza spika zilinyamaza kabisa. Nikazirekebisha, sauti ikaanza kukatika na kutatarika kama bisi kwenye sufuria. Nikajaribu kuongeza sauti yangu mwenyewe ili nipate mwendo, nayo ikanifikia kwenye hedifoni imechelewa, kama mtu ananiigiza kutoka ng'ambo ya bonde. Nilitaka kuitupa mashine nje. Badala yake nikamkumbuka Kyalo, nikakaa tena. Nilisoma maelezo, nikawauliza watu nisiowajua mtandaoni, nikajifunza kuiambia mashine iache shughuli nyingine na kutanguliza sauti. Jibu moja lilileta swali lingine. Lakini kila nilichokijua kilibaki changu, na hakuna wa kuja kesho kuniambia leseni imekwisha.

Katikati ya faili hizo nikakuta moja iliyokuwa na mlio wa chuma. Wanawake walikuwa wamebeba jembe hadi studio, wakaligonga kwa jiwe kushika mwendo. Kyalo aliunyamazisha mlio huo akaweka ngoma zake. Nikaurudisha.

Nilipomaliza nilimwita Ndunge, na wenzake wa mwethya wakaja naye. Tukakaa nyumbani kwangu, mlango wazi. Wimbo ukaanza. Yeye alisikiliza bila kupepesa. Wenzake walishindwa kujizuia, na alipoita kutoka kwenye spika wakamwitikia kwa vinywa vyao, kama walivyozoea shambani. Ulipokwisha nilimtazama nikingoja machozi. Hakulia.

"Ubeti wa pili niliuanza chini mno," akanong'ona. "Lakini ni mimi."

Hakuishi miaka mingi baada ya hapo. Siku ya mazishi yake aliongoza wimbo mwenyewe, kutoka kwenye spika, nasi tuliosimama kando ya kaburi tukaitikia. Mchungaji alifunga Biblia yake, akaitikia pia. Na unajua nani alikuja mazishini? Kyalo. Watu walipoanza kutawanyika akanijia, akanyoosha suti yake.

"Hiyo recording ni ya studio yangu," akasema. "Lazima nitajwe."

Safari hiyo sikupayuka. "Kyalo," nikamwambia, "wanaimba wanawake wengi hapo. Mmoja tumemzika leo. Nitajie jina la mwingine."

Walikuwa wamesimama pale pale, wanamtazama. Akawaangalia mmoja mmoja. Hakuwa na jina hata moja. Aliondoka bila kuaga, na asingeweza kutufanya kitu, maana kila mwanamke alikuwa na nakala ya sauti yake niliyompa, nyumbani kwake.

Basi sikia, mwanangu, wewe unayeanza kazi ya muziki, maana hasira yangu ya leo ni kwa ajili yako. Majuzi kijana mmoja wa Mwingi aliingia kwenye studio ndogo niliyoifungua baadaye, akaona natumia Linux, akacheka. "Hiyo ni ya watu hawajiwezi, mathee," akasema. Mwezi haukuisha akarudi analia, programu yake ya wizi imejifunga na albamu nzima imo ndani. Nilimsaidia, lakini nilimsema kwanza. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Ya kuiba ndiyo kabisa.

Sikulazimishi kutumia mashine kama yangu. Nakulazimisha ujue unachotumia. Mtu akikurekodi, usitoke mlangoni kwake bila sauti yako tupu, katika faili inayofunguka popote. Ukirekodi wewe, jua majina ya wanaoimba, na usiweke lako juu ya pumzi zao. Kisichofunguka, jifunze kukifungua. Atakayekuambia haiwezekani, muulize kwanza kama amejaribu. Na ukidharauliwa, kasirika, usione haya. Ila hasira yako uipe kazi siku hiyo hiyo, kabla haijapoa ikawa manung'uniko.

Mungu wa mama zetu akulinde koo na masikio. Akupe subira na mashine na ukali kwa wadhalimu. Wimbo wako uwafikie watoto wa watoto wako ukiwa mzima, nao wakiusikia wakujue kwa jina. Enda salama, mwanangu. Enda ukafanye kazi.