Wa Mwisho Ni Mimi

Siku ya kwanza ya kazi nilifika uwanjani Kilindoni na raba mpya, nikiamini nimeitwa kushindana. Nilikuwa mwalimu wa michezo, miguu inaniwasha, na mashindano ya wanawake ya baiskeli za milimani ndiyo kwanza yanaanza kisiwani kwetu. Mkuu wa Mashindano, mama mwenye sauti ya kuamrisha, alinitupia mkoba wenye pampu, viraka, solusheni na cheni ya akiba.

"Wewe utakuwa mfagiaji," akasema. "Wenzako wakiondoka, hesabu pumzi zako, kisha uwafuate."

Ninyi mnaowaona washindi tu kwenye simu zenu, niwaeleze. Mfagiaji huendesha nyuma ya wote ili asibaki mtu porini na pancha au goti lililochubuka. Hampiti mtu, hamsukumi mtu, havuki mstari mpaka mshindani wa mwisho avuke, na zawadi hazitolewi kabla hajafika. Kwa mtu kama mimi nisiyejua kutulia, ile ilikuwa adhabu. Tangu siku hiyo nilitaka jambo moja tu: nishindane, hata mara moja, na mimi nimpite mtu.

Njia yetu ilitoka Kilindoni kuelekea Ndagoni, ikazunguka mikorosho na minazi, ikarudi. Huko mwanamume haruhusiwi, hata awe fundi. Kwenye kona ya kwanza wanawake walivua mabaibui wakayatundika mkoroshoni, maana baibui likiingia kwenye cheni linakuangusha. Wakati wa kurudi kila mmoja alisimama pale kuvaa lake kabla ya kuingia uwanjani walikokaa waume na wakwe, na wapo waliokosa ushindi kwa kutafuta tundu la mkono.

Mama yule akahamishwa, akaja Mratibu, bwana mpole asiyependa kugombana. Nikamwomba nishindane.

"Mwaka ujao, mwalimu," akanijibu. "Nani mwingine anayeijua njia kama wewe?"

Akaja Afisa Michezo, kijana wa ofisini, naye akasema vilevile: mwaka ujao. Sifa nyingine ni kamba ya kukufungia, nami nilifungwa miaka mingi huku nikinung'unika.

Katika miaka hiyo nilimkuta Zuhura. Ni mkulima wa mwani wa Ndagoni, na alikuja na baiskeli ya mumewe iliyomzidi kimo. Nilimkuta minazini, penye mchanga mwingi, amekaa chini analia.

"Sendi tena, mwalimu. Mawifi zangu wako uwanjani. Watanisimanga mwaka mzima kwamba nilikuwa wa mwisho."

"Nani kakwambia wewe wa mwisho? Hebu tazama nyuma yako."

Akageuka. Hakuna mtu ila mimi na mkoba wangu.

"Wa mwisho ni mimi," nikamwambia. "Futa machozi, tupunguze upepo."

Hilo nalo ni somo. Tairi lililojaa sana hukimbia kwenye barabara ngumu lakini mchangani huzama. Ukilitoa upepo kidogo, linatambaa juu ya mchanga. Tukatoa, akapanda, tukafika, na mawifi wakapiga vigelegele kama hawajawahi kumsema mtu. Baadaye nikamfundisha kazi, akawa msaidizi wangu.

Mwaka wa kustaafu ualimu, kwa kuwa Zuhura naye sasa aliijua njia, nilimkabidhi mkoba, nikabandikwa namba kifuani. Usiku sikulala. Asubuhi nilijaza matairi mpaka yakalia nikiyagonga, kwa tamaa ya barabara ile ngumu ya kuanzia. Na nilikimbia jamani! Niliwapita wengi huku nikicheka peke yangu. Nikaingia minazini na matairi yangu magumu, yakazama. Badala ya kusimama nitoe upepo nikazidi kukanyaga kwa hasira, mpaka cheni ikakatika. Haraka haraka haina baraka, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwaambia wanafunzi.

Wale niliowapita wakanipita, kila mmoja na adabu zake: "Shikamoo, mwalimu." Nikawaitikia marahaba, meno nimeyauma. Kisha akatokea Zuhura. Akatoa cheni ya akiba mkobani, akaifunga.

"Nipite!" nikamfokea.

"Siruhusiwi, mwalimu."

Tulikwenda mwendo mrefu hivyo, tairi lake likisikika nyuma yangu. Nilimchukia kweli. Tulipokaribia uwanja akasema kwa sauti ndogo, "Wa mwisho ni mimi." Machozi yakanitoka, nikashukuru kwamba ananiona mgongo tu. Kwenye mstari akaweka mguu chini, akasubiri mpaka gurudumu langu la nyuma livuke.

Sasa nimestaafu, na kustaafu kumenishinda. Mume wangu ananiambia nikae kitako, nami nikikaa naona kuta zinanisogelea. Mwaka huu nilikwishapaka cheni mafuta na kujaribu upepo wa mchangani, safari hii kwa akili, nikijua kabisa nitampita nani na wapi.

Wiki iliyopita Zuhura alinijia nyumbani na mkoba begani. Alikunywa chai yote kabla ya kusema.

"Mwalimu, na mimi nataka kushindana. Mara moja tu."

Hatuna mfagiaji mwingine anayeijua njia ila mimi na yeye. Moyo uliniuma, na jibu lilikuwa tayari mdomoni, lile nililopewa na wakubwa wote: mwaka ujao. Nikalimeza.

"Lete mkoba," nikamwambia. "Na ukifika minazini, punguza upepo."