Kopa mbili na ng'ombe wa plau

Jumamosi, katika hoteli moja ya Kibwezi, nilikuta wanaume wakishindana karata. Kila mmoja ameweka ng'ombe, mshindi awachukue wote. Waliweka dau kwa mbaazi, zikikuishia, umetoka. Kila mchezaji hupewa karata mbili zake, tano za wote hufunuliwa mezani, na mwenye kupata tano za rangi moja ni nadra kushindwa.

Jirani yangu wa kijijini, mmoja wa wachezaji, alibaki na mbaazi za kiganja tu. Akagawiwa nne na saba, zote kopa.

"Achana nazo," nikamnong'oneza kwa hasira.

"Rangi ni moja, mzee. Zikitoka kopa tatu mezani, nimewamaliza."

Akasukuma mbaazi zote katikati. Mezani zikatoka kopa mbili, ikabaki karata moja kufunuliwa. Mlangoni mkewe alikuwa amesimama na kiondo cha sokoni.

Ikatoka shupaza, na ng'ombe wake akaenda.

Sisi Wakamba hupanda kwenye vumbi kabla ya mvua, na mimi hupanda, kwa sababu ghalani kuna mbegu nyingine. Mwenye mbegu ya mwisho hungoja ardhi ilowe. Jirani yangu huwa hakosei hilo shambani.

Mkewe akatazama mawingu. "Baba watoto, plau huvutwa na ng'ombe wawili. Huyo aliyebaki tutamfunga na nani?"

 Jirani alijishika shingo, pale nira inapokaa.