Fundi wa Sensa na Ndoo Yake

Fundi anayefunga kwenye magari sensa za kurudi nyuma, vile vifaa vya kumwonya dereva, ana vidole vinene kama vya mwashi, lakini akishatoboa matundu manne kwenye bampa, kila jicho la sensa hukaa mahali pake bila kukwaruza rangi hata kidogo. Hufanya kazi huku mdomo ukienda. "Hii inaona nyuma kuliko shingo yako. Kitu kikikaribia inalia ti, ti. Kikikaribia zaidi inalia mfululizo, wewe unakanyaga breki. Lala tu usingizi." Kila mteja huyapata maneno hayohayo, kwa sauti ya mtu anayeapa mahakamani. Mwisho huweka ndoo tupu nyuma ya gari, kisha humwambia mwenye gari apige rivasi.

Jana mwalimu mmoja aliitazama ile ndoo. "Nyumbani nina mtoto anayetambaa," alisema. "Toa ndoo, fundi, usimame wewe." Fundi alicheka, akajifuta mikono kwenye ovaroli, akapima kwa macho nafasi iliyobaki kati ya bampa na ukuta. Akacheka tena, safari hii kidogo. "Hakuna shida, mwalimu, hizi ni za uhakika kabisa," akasema, huku akichukua bisibisi na kuanza kuifungua bampa upya.