Ruphin na Ngoma ya Vilima Elfu

Siku hizi watu wa kanisa letu wakimtaja Ruphin husema "yule wetu wa ngoma", tena kwa fahari, kana kwamba ni wao waliomfundisha. Mimi huwaangalia tu. Mwaka 2012 hao hao walikuwa wanasema kwamba mkristo anayejifunga ngozi ya mnyama kiunoni ameuza roho yake. Ulimi hauna mfupa, jamani.

Naitwa Marcelline, nina saluni Greyville, hapa Durban, juu ya duka la simu. Laetitia alikuwa anasuka kwangu, na Ruphin alikuwa anapita saluni jioni kwa visingizio ambavyo hata mtoto asingevikubali. Leo anauliza kama tuna chaja, kesho anauliza kama tumemwona fulani. Nikamwambia, "Kijana, kaa chini, sema ulichokuja kusema." Akakaa, hakusema. Laetitia akacheka mpaka akakosea nywele za mteja.

Kwao ni Fizi, kule Kongo. Vita vilimtoa huko akiwa bado mdogo, akakaa miaka mingi kambini Tanzania, upande wa Kigoma. Huko ndiko alikoanza kucheza. Aliniambia kwamba kambini kuna mambo mawili, kupanga foleni na kucheza ngoma, na foleni hakuipenda. Alipofika Durban alilinda magari ya watu karibu na uwanja wa mbio za farasi, jua lake, mvua yake, mpaka rafiki mmoja akampatia kazi ya kuosha mabasi ya watalii kwenye Bonde la Vilima Elfu.

Kule bondeni kuna kijiji kilichojengwa kwa ajili ya wageni. Kina nyumba za msonge, duka la shanga, mamba kwenye mabwawa, nyoka kwenye vioo, na kiwanja cha ngoma ya Kizulu chenye viti. Ruphin aliosha mabasi nyuma ya kiwanja hicho, na kila ngoma ilipolia, mguu wake ulipanda wenyewe. Mzee Hlengwa, mkuu wa wachezaji, alimwona. Siku mchezaji mmoja alipoumia goti, mzee hakwenda mbali. Alimwita, "Wewe Mkongomani, njoo hapa," akamvalisha ngozi, akampa ngao na kumsukuma mstarini.

Tangu siku hiyo hakushika tena ndoo. Ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba jicho, na Ruphin alijifunza lugha, nyimbo, hata namna ya kukunja uso. Wajerumani walimpiga picha wakidhani wamempata mjukuu wa mashujaa wa Kizulu, kumbe mwenyewe kazaliwa kando ya Ziwa Tanganyika. Kuna waliosema huo ni udanganyifu. Mimi sioni. Watu walilipa waone mguu ukipanda juu, na mguu ulipanda.

Ila kanisani alinyamaza. Mchungaji wetu akianza kuhubiri juu ya mambo ya kimila, haachi mpaka saa ya chakula. Aliyejua ni Laetitia peke yake, na kwa mama yake kule Uvira alisema kwenye simu kwamba mchumba wake anafanya tourisme, kazi ya utalii. Si uongo, lakini mama alielewa ofisi, tai na kompyuta.

Mwezi wa tisa mama akaja. Mama Marie-Jeanne, mjane, mwembamba, mwenye shingo ndefu na maneno machache, alikuja kumwona huyo mwanaume kabla ya kukubali mahari. Tuliwakutanisha saluni, Jumapili baada ya ibada. Ruphin alivaa suti ya kuazima. Mama alimpa mkono, akamtazama kuanzia viatu hadi nywele, akauliza habari za wazazi wake, akanywa Fanta yake, akaaga.

Asiyejua mila zetu angesema mambo yamekwenda vizuri. Kwetu mama na mkwe wake hawapeani mikono. Hawali sahani moja, wakikutana njiani mmoja hupisha, na macho huangalia chini. Mkono ule ulikuwa na maana moja tu, kwamba bado hajakubali. Na kuna jambo kubwa kuliko hayo. Mama akishauona mwili wa mwanaume, kifua na mapaja, mahari yake hapokei tena. Huyo hawezi kuwa mkwe hata alete ng'ombe wa Fizi nzima.

Sasa sisi akina mama wa kanisa tuna desturi, kila tarehe ishirini na nne Septemba, sikukuu ya urithi ya nchi hii, tunakodi taxi, yaani basi dogo, na kutoka. Tumeshakwenda kuona samaki kule ufukweni, tumekwenda bustani ya ndege, tumekwenda maporomoko ya Howick ambako mtu mmoja, simtaji, alikwenda na viatu virefu akarudi na kimoja. Mwaka ule, kwa kuwa tulikuwa na mgeni, wengi walitaka kijiji cha Wazulu kule bondeni. Laetitia akasimama kupinga, akasema maporomoko ni mazuri zaidi. Wakamjibu kwamba maji tumeshayaona, ni yale yale. Nami nilishangaa, maana mtoto yule si mbishi.

Nilijua sababu tulipokuwa tumeshaondoka. Tulisimama kwenye robot, taa za barabarani, pale Pinetown, Mama Marie-Jeanne ameketi mbele na dereva, wengine wanaimba. Laetitia akanishika mkono, wake baridi kama chupa ya friji, akaninong'oneza yote. Ruphin aliomba ruhusa akanyimwa, kwa sababu sikukuu ndiyo siku mabasi yanapopanga foleni. Atakuwa uwanjani, kifua wazi, na Mama Marie-Jeanne atakuwa kwenye kiti.

"Mficha uchi hazai!" nilimwambia, na hasira ilinipanda kweli. "Ungeniambia juzi, ningeivunja hii safari mimi mwenyewe."

"Niliogopa, Mama Marcelline. Ameahidi kukaa mustari wa nyuma."

Ningefanya nini? Nikageuza uso dirishani. Nilimpenda yule msichana kama niliyemzaa, na sikuona njia ya kumwokoa.

Kijijini tulikuta bango linalokataza chakula kutoka nje. Akina mama waliokuja na masufuria ya sombe na fufu walisoma bango, wakaangaliana, na ghafla kila mmoja akawa mjamzito chini ya kitenge. Mlinzi wa mlangoni aliwatazama wale wajawazito wa miaka sitini, akasema "Eish," akatupisha. Mama Marie-Jeanne alisimama muda mrefu kwenye bwawa la mamba. Walikuwa wamelala tu, wanono, mmoja kafungua mdomo kausahau wazi.

"Kwetu Ruzizi mamba inatafuta chakula na jasho yake," alisema. "Hii inakula kuku ya bure, na watu banalipa kuiona. Iko na kazi nzuri."

Nilicheka bila kutaka. Laetitia hakucheka. Ngoma ilikuwa imeanza kuita watu kiwanjani.

Nilijaribu kumkalisha mgeni wetu nyuma, nikasema mbele kuna vumbi. Wenzangu wakanipigia kelele, mgeni akae nyuma kwa nini? Wakamwekea kiti cha plastiki mstari wa kwanza, katikati kabisa. Laetitia alikaa nyuma yake, nami pembeni ya Laetitia.

Wanaume wakatoka wakiimba. Vifua vinang'aa, ngozi zinaruka magotini, ardhi inatikisika. Ruphin alikuwa mstari wa nyuma kama alivyoahidi, na ngao ya ng'ombe ameipandisha mpaka kidevuni na kuishusha mpaka magotini, anacheza nyuma yake kama mtu anayeoga nyuma ya mlango. Watalii walidhani ndiyo staili. Moyo wangu ukatulia kidogo.

Lakini ngoma ile ina zamu. Kila mchezaji huitwa mbele peke yake, aonyeshe mguu wake. Mzee Hlengwa akaita wa kwanza, akaita wa pili, kisha akageuka na kumwita Ruphin. Ruphin akatikisa kichwa. Mzee akaita tena kwa sauti kubwa, na wenzake wakamsukuma, wakidhani ana aibu. Akafika katikati ya kiwanja na ngao yake, hatua chache kutoka kwenye kile kiti cha plastiki. Kuurusha mguu lazima ngao ishuke. Alisimama pale, ngoma inamsubiri.

Mama Marie-Jeanne akamtambua. Niliiona shingo yake ikinyooka. Akasimama, akakiinua kiti, akakigeuza kikaangalia maegesho ya mabasi, akakaa, akavuta kitenge akajifunika kichwa. Akampa mgongo, mbele ya watu wote.

Wapiga ngoma wakapunguza mkono. Ruphin akainamisha kichwa juu ya ngao. Kando yangu Laetitia alikuwa analia waziwazi, machozi yanaingia mdomoni, wala hakujifuta, na mimi hasira ikanishika. Nilisema moyoni, huyu mama amesafiri kutoka Uvira kuja kumwaibisha mtoto wa watu kwa sababu hana tai! Nikainuka. Adabu niliiacha kwenye kiti.

"Mama," nilimwambia, nimesimama mbele ya uso wake, "huyu kijana hajaiba. Anatafuta chakula yake na miguu yake. Kama humtaki umwambie nyumbani, si hapa!"

Alifunua kitenge kidogo, akanitazama kama mtu anayemtazama mwendawazimu.

"Marcelline, weye uko unasema nini? Mi niangalie mukwe wangu kifua wazi? Durban njo imekufundisha hivyo?"

Miaka yangu yote hapa mjini, kuonyesha mgongo nilikuwa nimeanza kukuelewa kama wanavyokuelewa wenyeji wa mjini, dharau. Lakini nani hujigeuza kwa ajili ya mtu baki? Wale wachezaji wengine wote alikuwa amewatazama kwa starehe yake, kifua kwa kifua.

"Umesema mukwe?" nikauliza.

"Sikuona kitu," akasema upesi, kama anajibu mbele ya wazee. "Niliona uso, niliona ngao. Ile yingine sikuona, na sitaona. Laetitia, acha kulia, unaniletea kelele, siwezi kusikia ngoma."

Laetitia alitoa sauti ambayo sikujua kama ni kilio au kicheko. Mama akajifunika tena, lakini mguu wake mmoja ulikuwa umeanza kupiga chini polepole.

"Sasa mbona kimya?" akauliza. "Anafanya nini?"

"Amesimama, Mama. Anaona umemkataa."

"Umuambie acheze! Nimemugeuzia kiti asumbuke?"

Nikageuka, nikaweka mikono mdomoni, nikapaza sauti kwa Kiswahili kuvuka kiwanja kizima, Wajerumani na wote wasikie, hata mchungaji kule kanisani. "Ruphin! Mama anasema wewe mkwe wake! Cheza, wewe!"

Alininyanyulia uso. Aliutazama ule mgongo uliofunikwa kitenge, akautazama tena, na nikaona kifua chake kikivuta pumzi. Akailaza ngao chini.

"Eh, Marcelline," alisema Mama Marie-Jeanne kutoka chini ya kitenge, macho yake kwenye mabasi, "simama hapo hapo, uniambie vizuri. Muguu yake imefika wapi?"