Mfuko wa Mama Ghati na Namba ya Mwisho

Leo hapa karashani, kwenye mashine ya kusaga mawe, mifuko miwili ya mawe ya dhahabu imepewa namba moja.

Namba hutolewa na kompyuta, mfuko unaposajiliwa.
Karani wetu Bhoke alisajili mfuko wa Mama Ghati, kisha akaiomba kompyuta namba ya mwisho.
Akapewa ya karani mwenzake Chacha wa meza ya pili, aliyesajili mfuko mwingine muda huohuo.

"Mzee, niliomba ya mwisho," Bhoke alijitetea.
"Ya mwisho ya nani?" nikamwuliza.

Mama Ghati hakucheka.
"Kwa hiyo mawe yangu yangesagwa kwa jina la mtu mwingine."

Tumesahihisha programu: sasa kila karani hurudishiwa namba ya usajili wake mwenyewe.
Nimemweleza Mama Ghati taratibu.
Amesikiliza vizuri, lakini bado ameukalia mfuko wake.

Ninyi mngeinuka?